Kuta Ulizozipaka Udongo

Mpendwa Mama Mwende,

Juzi nilikuwa kwenu Rombo. Nilienda kumwuliza mama yako jambo moja kuhusu nyumba yetu, na jibu alilonipa limenifanya nishike kalamu, ingawa huu ni mwaka wa tatu tangu tukuzike na barua hii haina pa kwenda.

Unakumbuka tulipoanza. Nilikuwa nakata mawe kwenye machimbo, na Kitengela ilikuwa maduka machache kando ya barabara ya Namanga. Nyumbu walikuwa wakipita nyuma ya choo chetu. Chumba nilikijenga mwenyewe kwa mawe niliyoyachonga, nikapiga plasta ya simiti ndani, kikabaki kijivu hivyo. Hata wiki haikuisha ukaniuliza, "Baba, hii rangi ya moshi tutakaa nayo mpaka lini?" Nikakujibu tutapaka tukipata pesa. Wewe hukungoja pesa.

Ulitafuta udongo mwekundu upande wa Isinya, mweupe ukauchimba kwenye ukingo wa mto uliokauka, mweusi ukautoa hapa hapa uani. Uliutwanga, ukauchekecha kwa kipande cha shuka kuukuu, ukauchanganya na jivu na utomvu wa mgunga uliouloweka kwenye kopo. Burashi hukuitaka. Ulipaka kwa viganja. Chini mpaka kimo cha goti ukuta ukawa mweusi, juu yake mwekundu, na kati ya rangi hizo mbili ukachora ndege weupe waliofuatana kuzunguka chumba kizima. Ulimwacha mmoja ametazama nyuma. Nilipokuuliza kwa nini, ukasema, "Huyo amesahau kitu."

Halafu ukaleta viota vya ndege kwera vilivyodondoka kwenye migunga, ukavining'iniza kwenye boriti. Mlangoni ukatunga maganda ya mbegu kwenye uzi wa mkonge yakawa pazia, upepo ukivuma yanagongana taratibu. Mwende alikuwa mchanga, na sauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlaza. Mvua ikinyesha, chumba chote kilinukia ardhi iliyolowa. Mimi nilikuwa nikirudi kazini nimejaa vumbi la mawe, nakaa kwenye kigoda, naangalia tu. Nilikuwa na furaha, Mama Mwende. Sikukwambia hata siku moja.

Kisha kaka yangu mkubwa akatutembelea kutoka Machakos, mwaka ule uliofuata mvua kubwa za El Nino. Ulimpikia vizuri, akala, akashukuru. Nilipokuwa namsindikiza barabarani akaniambia kwa Kikamba, "Mutua, ulioa ama ulihamia manyatta ya Wamaasai? Watu wanaweka vioo na zulia, wewe umeweka matope." Nilicheka pamoja naye. Niliporudi nyumbani nikaona matope.

Mwezi huo nilikuwa nimefanywa nyapara. Wewe ukapata habari kwamba mama yako ni mgonjwa, ukaenda Rombo na mtoto kumwuguza, ukakaa wiki tatu. Nataka uamini kwamba nilidhani ninakuandalia zawadi. Nilinunua rangi ya mafuta, ile ya krimu inayong'aa. Nilikwangua udongo wako kwa koleo siku nzima, kisha nikapaka mara mbili. Nikatandika zulia la plastiki, nikaweka maua ya plastiki juu ya meza. Viota na lile pazia nikavichoma nyuma ya nyumba.

Ulifika saa kumi alasiri. Mwende alikuwa amelala mgongoni mwako. Ulisimama mlangoni, mzigo bado uko mkononi, ukaangalia ukuta mmoja baada ya mwingine.

"Umeonaje?" nikakuuliza.

"Imekuwa safi."

"Si inakaa kama nyumba ya watu sasa?"

"Inakaa." Ukatua mzigo. "Na viota?"

"Nilichoma. Vilikuwa vinaleta vumbi."

"Sawa," ukasema, ukaenda kuwasha jiko.

Kama ungenitukana ningejua mahali pa kushika. Ulinipikia, ukafua, ukapanguza ile krimu kwa kitambaa cha maji kila Jumamosi. Lakini hukuwahi tena kuleta nyumbani hata jiwe. Tulipopita kwenye migunga ulikuwa huinui macho. Nililiona hilo miaka yote sita iliyofuata, nikajiambia mtu hukua, hubadilika.

Ulipoanza kukohoa tukadhani ni vumbi. Tulipofika hospitali Kajiado, daktari alininong'oneza kwamba tumechelewa sana. Nilikaa kando ya kitanda chako nikakwambia, "Ukitoka hapa, tutatoa hiyo rangi yote. Utapaka tena udongo wako."

Ulitabasamu kidogo. Ukasema, "Baba Mwende, wakati huo nilikuwa msichana."

 Siku nne baadaye hukuwa nasi.

Baada ya matanga nilichukua koleo. Rangi ya mafuta iling'oka na vipande vya plasta, na chini yake hapakuwa na alama yoyote ya mkono wako, simiti tu. Nilienda upande wa Isinya kutafuta ule udongo mwekundu. Pale pote sasa ni ploti, kuna waya na vibao vya kuuza. Askari wa geti moja alinionea huruma, akaniachia nijaze gunia. Nilitwanga, nikachekecha, nikaweka jivu, nikaweka utomvu. Nilipaka ukuta wa dirishani. Ulipokauka ulipasuka, ukaanguka wote sakafuni.

Mwende alikuja na ufagio. "Baba, wacha tu. Unachafua nyumba."

"Hukumbuki mama alivyokuwa ameipamba? Wale ndege?"

"Ndege gani?"

Nikajaribu kumweleza, akanisikiliza kwa heshima, jinsi watoto wanavyomsikiliza mgeni. Hatuna picha hata moja ya chumba kile. Mwaka huu ndipo nikaona dawa ni kwenda kwenu, nimwulize mama yako ulichanganya nini, kwa kuwa nilidhani ni ufundi wa kwenu na kila mwanamke wa pale anaujua.

Mama amezeeka sana. Nilimwamkia kwa Kimaasai, "Takwenya," akaitikia, "Iko," akakaa mbali nami kidogo, ameugeuza uso pembeni, kwa ile heshima yenu ya mkwe. Shemeji alikuwa akitutafsiria pale Kiswahili cha mama kilipokwama. Nilimweleza kila kitu: rangi tatu, ndege, viota, pazia la mlangoni. Nikamwuliza alikufundisha vipi.

 Kisha akaniambia niingie nyumbani kwake, nione mwenyewe. Niliinama nikaingia. Kuta za samadi na udongo, safi, zimelainishwa vizuri, hazina mchoro hata mmoja. Nikatoka.

"Mimi sikumfundisha hiyo," akasema. "Hapa kwetu hakuna mtu anafanya hiyo. Hata yeye akiwa hapa hakufanya. Alianza huko kwako." Akafikiria kidogo, akaongeza, "Alikuja kuniambia wakati nilikuwa mgonjwa. Alisema, yeyo, mama, niko na nyumba, nimeitengeneza ili mume wangu akirudi kutoka kwa mawe apumzike macho."

Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukimsimulia mama yako, Mama Mwende, wiki zile zile nilizokuwa na koleo mkononi.

Sina la kukuomba, kwa maana huna tena jinsi ya kunipa. Pumzika.

Mimi mume wako,
Baba Mwende