Chembe ya Katikati na Mizani ya Kyarumba

“Kitu hakuna mutu aliona, hiyo haiko!” Hayo ni maneno ya mwalimu mkuu wetu, Bwana Syahuka, aliyoyatamka mbele ya darasa langu zima, Mshauri mpendwa, na ndiyo yaliyonifanya niombe msaada wako, maana mimi nafundisha fizikia hapa Bwera na nilikuwa naeleza habari za mesoni ya haiba, chembe iliyotambuliwa mwaka jana tu, 1976, kwamba ikivunjika huacha chembe nyepesi zaidi tatu, kaoni moja na pioni mbili, nikachora ubaoni kwamba kwanza hutoa pioni moja na chembe ya skala, ile isiyojizungusha, ambayo hupasuka papo hapo kuwa kaoni na pioni ya pili, ndipo akaingia akauliza, “Madamu, hiyo ya katikati uliiona?” nikajibu hapana, haidumu, akacheka, “Mimi nilipima kahawa Kyarumba miaka kumi, sikupima gunia yenye haiko!” na sasa anataka Jumatatu niikane chembe hiyo au nifungashe vitu vyangu, kazi naipenda, ila kuwadanganya watoto siwezi, nifanye nini?

Enid, Bwera

Pole, dada Enid. Futa machozi, tumrudie mpima kahawa wako.

Tuseme kila shamba hutuma kilo sitini, nayo hufika kwenye mizani vichwani mwa wapagazi watatu. Kila safari mizigo hutofautiana, lakini miwili ikipimwa pamoja huja karibu arobaini, safari baada ya safari. Mpima yeyote atasema: hii ilikuwa mzigo mmoja, ikagawanywa njiani. Je, aliipanda ile njia ya mlimani akaone? Hakuinuka kitini! Wanafizikia nao hujumlisha nishati na mwendo wa kaoni na pioni vivyo hivyo, wakaitambua ile ya katikati.

Sasa zamu yako. Nani alikutuma uchore kana kwamba ulikuwepo? Skala haina jumla kali, iliyo ileile kila safari. Ingekuwa kahawa, leo kilo thelathini na saba, kesho arobaini na nne, na vipimo bado ni vichache. Ulipaswa kuandika “huenda”. Jumatatu simama wima, omba radhi kwa kukosa neno hilo moja, kisha nyamaza. Chembe usiikane.

Nawe Bwana Syahuka, najua unausoma ukurasa huu kabla ya chai. Jumatatu beba mizani yako uingie darasani. Madamu Enid atakupa mafungu ya maharage, matatu matatu, mara ishirini, mawili katika kila matatu akiwa ameyagawa kutoka fungu moja bila wewe kuona. Pima, uwaambie watoto kwa kinywa chako ni mawili gani yalikuwa fungu moja. Kama huwezi, mfukuze. Kama unaweza, mwachie chaki yake.