Usiiuze Pikipiki, Inawaka

Chole, Kisarawe
9 Aprili 1952

Mpendwa mjukuu wangu na mume wangu Abeid,

Shikamoo yako nimeipata kwenye barua, marahaba. U mzima? Kile kifua kimepona, au bado unalala madirisha wazi huko Tabora kama mzungu? Sisi wazima, ila magoti yangu na masika haya hayapatani. Naandika mwenyewe kwa herufi zangu za Kiarabu za chuoni, maana nikimpa mtu aniandikie atanilainishia maneno.

Umesema pikipiki uliyomwachia ndugu yako Isihaka iuzwe kwa kuwa ni mbovu, na mnunuzi wa Visiga aje kuichukua Ijumaa. Una haraka wewe! Hiyo ndiyo inayofikisha kuku na ndizi zetu sokoni Dar es Salaam mapema. Ikiondoka, Isihaka anakwenda kukata mkonge, na mkewe Siwema tumbo limeshashuka, kujifungua ni leo au kesho. Nani abaki naye? Mimi na magoti haya?

Kweli, alfajiri ilikuwa haiwaki. Isihaka anapiga kiki mpaka kanzu inamlowa, kisha majirani wanaitwa kusukuma, kuku wanapiga kelele matengani, Mwinyimadi wa jirani anacheka: "Punda wangu hasukumwi!" Ikifika adhuhuri, kiki moja tu, inanguruma. Isihaka akasafisha kabureta, akabadili plagi, akaitukana petroli. Wapi!

Nikamwambia, wewe mwanamume, petroli ya asubuhi na ya mchana si ile ile? Kilichobadilika ni umande. Tafuta panapolowa.

Akainama kutazama. Kwenye waya unaokwenda kwenye plagi palikuwa na kitambaa cheusi kimefungwa, kimelowa chepechepe.

"Nini hicho?" nikauliza.

"Hirizi ya Siwema, bibi."

Siwema akajibu toka jikoni, "Macho ya watu, bibi! Pikipiki ni hii moja tu Chole nzima, wanaitazama mpaka wanasahau kutembea."

Nikamwambia, husuda ipo, sikatai, lakini hirizi inafungwa mtoto kiunoni, haifungwi mahali pa moto wa plagi! Akanuna, kisha akacheka, tumbo likacheza.

Isihaka akaifungua. Chini yake waya umepasuka ngozi. Ndipo tukaelewa: kitambaa kikilowa, moto unatorokea humo, hauifikii plagi, jua likikikausha, unapita. Akaufuta waya, akauzungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, akafunga kwa uzi. Hirizi nimeifunga mwenyewe kwenye usukani. Huko haimzuii mtu.

Leo alfajiri mvua ilikuwa inanyunya. Nilikuwa bado kwenye mkeka wa sala niliposikia kiki moja. Moja, Abeid! Mwinyimadi alishatoka kuja kusukuma, akabaki kasimama na shuka lake.

Basi ununue waya mpya huko, umpe mtu wa reli alete. Mnunuzi akija Ijumaa nitampa maji ya kunywa, nimwonyeshe njia ya kwao. Ukikasirika, njoo unigombeze uso kwa uso. Miaka miwili sijakuona.

Isihaka na Siwema wanakusalimu, na shangazi yako Mwanamkuu. Mola akulinde na safari, na njaa, na wanawake wa stesheni.

Ni mimi mkeo mzee, nikupendaye kuliko hao wote,
Bibi Mwamvita

Mtoto akiwa wa kiume ataitwa Abeid. Ukiuza pikipiki, nitachagua jina jingine.