Lenzi Zilizobaki Bwawani

Dada Rehema, shikamoo.

Huku Kunduchi jua linachoma na sie ni wazima, isipokuwa macho yangu. Daktari alinikataza kuogelea na lenzi, mie nikabisha. Niliposhuka kwenye bomba la kuteleza, maji yakazichukua zote mbili. Nikatoka bwawani sioni vizuri, nikamshika mkono mume wangu na kumgombeza hadi kwenye meza za chipsi.

"Umeniacha nishuke peke yangu!"

"Nisamehe," akajibu kwa upole.

Mara mwanamke akasema, "Sista, huyo ni wangu."

Juma wangu alikuwa amekaa meza ya pili, anakula mishikaki.

"Mbona hukuniita?"

"Nilikuwa najifunza kuomba msamaha."

Nimewakumbuka mno. Nibusie watoto.

Mdogo wako,
Zuhura