Gauni la Mabega Mapya

Marereni, 3 Machi 2025

Mpwa wangu Kahonzi,

Salamu nyingi kama chembe za chumvi ya huku. Mimi mzima, tena nimezidi. Jana nimebeba magunia mawili, moja kila kwapa, mpaka wenzangu wakaniomba nipumzike wasije wakaachishwa kazi. Wewe hujambo? Simu yangu ilitumbukia kwenye bwawa la chumvi, ndiyo maana Phineas wa lori anakuletea karatasi.

Huku kunawaka moto! Mamako karudi kutoka Kilifi analia. Gauni alilokushonea la harusi ya binamu yako Bridgit eti kiunoni linapwaya, mabegani halipandi. "Ndondi zinamla mwanangu, Gona! Nyonga ziko wapi?" Amekata shauri: tarehe kumi na tano hupigani, unarudi nyumbani unenepe.

Nikamwambia, dada, mimi niliyemkaba kiboko wa Mto Sabaki mpaka akaomba maji, ugonjwa naujua. Nawe Kahonzi, sema kweli, unaumwa? Umepungua kilo ngapi?

Mjombako,
Gona

Kilifi, 6 Machi

Shikamoo Mjomba,

Mimi sijambo, nakula kama mchwa. Natumai kiboko naye hajambo.

Siumwi! Nilianza ndondi mwaka jana nikiwa na kilo sitini, na leo ni sitini zilezile. Mafuta yametoka, misuli imeingia. Kocha Everlyne hutubana ngozi ya tumbo kwa kikoleo cha kupimia. Zamani kilikamata mkunjo mnene kama chapati, sasa kinatafuta cha kushika. Misuli hukaa mahali padogo kuliko mafuta, uzito ukiwa mmoja.

Mama nimemweleza, kasema mizani ya Kilifi inadanganya. Jumamosi hiyo ya tarehe kumi na tano ndiyo timu ya kaunti inachaguliwa, nikikosa basi mwaka mzima umekwenda. Lakini sipandi ulingoni bila radhi yake. Nisaidie, Mjomba.

Mpwa wako,
Kahonzi

Marereni, 11 Machi

Kahonzi, simba jike,

U salama? Mimi mgongo unaniuma kidogo, ni ushujaa tu. Sasa sikiliza!

Nimempeleka mamako kwenye mizani yetu ya magunia. Nikaweka mto wake wa sufi: kilo mbili. Nikaweka chumvi: kilo mbili, na yote imeenea kwenye bakuli moja tu! Watu walijaa, kama elfu nne hivi. Nikasema, "Dada, mwanao alikuwa na mto tumboni. Kautoa, katia chumvi."

Akalishika bakuli, akalipima mkononi. "Gona," akasema, "nirudishie mto wangu." Akaenda zake.

Tangu hapo kajifungia na cherehani. Hata chakula hagusi. Mwenzio leo nimeishiwa maneno, na hilo halijapata kutokea.

Mjombako,
Gona

Kilifi, 16 Machi

Shikamoo Mjomba,

Mgongo haujambo? Mimi jicho limevimba, moyo unacheza!

Jana nafunga mikono vitambaa, mara Mama huyo mlangoni na gauni. "Vaa." Nikavaa pale pale, juu ya bukta. Kiunoni kapunguza. Mabegani kaongeza, kwa kitambaa kile kile alichokitoa kiunoni. Akapitisha kidole kwenye mshono, akanigeuza huku na huku. "Kumbe hakuna kilichopotea," akasema. "Haya vua, kapigane."

Nimeshinda, Mjomba! Niko timu ya kaunti!

Ila fanya hima uje. Tangu asubuhi Mama anawasimulia watu pambano, na yule msichana wa watu niliyempiga sasa ana urefu wa mnazi. Usipoangalia, utapitwa.

Mpwa wako,
Kahonzi