Mbegu ya Mama Imeingia Jikoni

Mdogo wangu Yustina,

Nimefika Kasulu miguu imevimba, na hasira nazo zimevimba. Ile miti ya mbegu ya muhogo wa marehemu mama uliyonikatia huko kwako Kasanda, mke wa mwanangu kaipikia maharage! Muuguzi mzima, mtu wa pwani, ananiambia, "Mama, kuni zako zina moshi." Kuni! Nimeokoa vipande vinne. Nikamwambia apande, akavichomeka macho ya kuchipua yakitazama chini. Tukaving'oa, tukapanda upya mvuani, yeye analia, mimi nafoka, khanga moja vichwani mwetu.

Shina lililobaki kwako usiling'oe hata kwa njaa. Mbegu ya mama sasa ni hilo na hivi vinne.

Kula ushibe, mdogo wangu, usikonde.

Dada yako,
Bibi Anastazia