Jogoo ya Bachezaji

Butembo, jumapili, siku ya mungu

Yaya Zacharie, kaka yangu mukubwa,

Sisi hapa tuko bazima. Kule Masereka bibi alishavuna viazi.

Barua yako nilisoma mbele ya bachezaji bote. Unasema nyumba yako ya kuchapisha michezo ya meza, huko Beni, italipia prix yetu, ile zawadi ya muchezo bora, salle ya sherehe na vinywaji, lakini tuondoe michezo yenye batu banachora na mukono juu ya carton. Hapana, yaya. Hii prix ni ya siye benye kukaa ku meza, kutupa dés, zile kete za namba, na kujifanya bashujaa. Editeur, mwenye kuchapisha, alete muchezo yake, ile ni sawa. Masharti yake abaki nayo. Sherehe tutafanyia mu atelier ya kushona ya mwenzetu Anne-Marie, kila mutu na kiti yake.

Muchezo yenye ulitunga na kututumia pia tuliicheza. Nilisikia ndani sauti ya mama vile alikuwa anatuhadisia, nikaipigia kura. Na bengine vilevile. Basi umeshinda.

Prix ni jogoo, sawa kila mwaka, na jogoo haiwezi kupanda pikipiki ya taxi-moto peke yake. Ku matanga ya mama haukukuja. Sasa kuja uikamate na mikono yako, ama tutaikula.

Mudogo yako,
Kavuo