Ndoo ya Senene

Jumanne, usiku

Na kweli hayakuwa mafua. Kila msimu wa senene mgonjwa wangu Ma Koleta humezeshwa antibayotiki, na hana homa wala kikohozi. Ni chafya tu, pua inachuruzika maji, macho yanawasha, basi. Leo nilimulika puani, nikaona nyama zimevimba na kupauka. Nikamuuliza huwa anafanya nini kabla ya chafya kuanza.

"Nanyonyoa mabawa ya senene, waitu," akajibu kwa adabu ya Kihaya.

Nikamwambia huo ni mzio, unatokana na vumbi la mabawa ya panzi hao. Nikampa vidonge na dawa ya kupuliza puani, kisha nikamwagiza, kwa sauti yangu ya kazini, awaachie wengine kunyonyoa.

Akanitazama kwa huruma. "Wengine akina nani, daktari? Kwangu mwanamke ni mimi peke yangu."

Nilijiona mjinga.

Jioni nimefika nyumbani, mama mkwe ameniwekea ndoo nzima, ameifunika kwa jani la mgomba. Kesho mume wangu ana wageni kutoka Bukoba.

"Wakilala hivi wataoza," akasema. "Zamu yangu iliisha ulipoolewa." Akaenda kulala.

Nilitaka kumwambia. Lakini mkamwana wa Kihaya anayeugua kwa sababu ya senene, hapa Kamachumu...

Nikameza kidonge kile kile nilichompa Ma Koleta, nikavuta kigoda. Sasa naandika macho yamevimba, na ndoo bado nusu.

Huko chumbani, mlango umefungwa, mama mkwe anapiga chafya.